Watu Ambao Mama Fundi Hakuwasamehe

Kwa miaka kumi na mmoja Mama Fundi alizunguka mtaa mzima ili asipite mbele ya duka moja la hadiwea mjini Isiolo. Jua likiwaka, vumbi likipepea, yeye na mkoba wake wa spana walifuata njia ya nyuma. Akihitaji mpira wa pampu alikwenda kuutafuta upande wa pili wa mji, karibu na soko la mifugo, kwa mtu ambaye mara nyingi hakuwa nao. Sababu ilikuwa sentensi moja. Alipokuwa bado mgeni katika kazi hii ya kutengeneza pampu za maji aliingia katika duka lile kuulizia mpira, na mwenye duka, bila kuinua kichwa, akamwambia, "Mama, mlete mzee wako nimweleze."

Nadhani yule bwana alisahau kabla Mama Fundi hajavuka barabara. Yeye hakusahau.

Baadaye bwana huyo alichimba kisima nyumbani kwake mtaa wa Kiwanjani, akaweka pampu ya mkono, nayo ikafa kiangazi cha pili. Aliita mafundi wanaume mara tatu. Mwisho akakubali yaishe, akatuma mtu amwite Mama Fundi. Mimi ndiye niliyembebea mkoba siku hiyo. Alipewa kiti akakaa, akapewa chai akainywa yote, kisha akaomba mpini upigwe mara chache huku yeye ameinamisha kichwa, kama daktari anayesikiliza kifua. Bwana akamwuliza ameona nini.

"Shida nimeiona," Mama Fundi akasema. "Mlete mama watoto nimweleze."

Bwana alicheka kwanza. Halafu akaona kwamba mgeni wake hacheki. Mkewe aliitwa kutoka jikoni, akaja mikono ikiwa bado na maji, na asubuhi nzima Mama Fundi alimwonyesha yeye peke yake kila nati na kila mpira, huku mwenye nyumba amesimama kando kama mgeni. Nati ya mwisho ilikazwa na mkewe. Kuanzia wiki ile yule mama alikuja kwenye darasa la pampu la Mama Fundi kila Jumamosi kwa mwaka mzima, na kila Jumamosi bwana wa hadiwea alijipikia chakula cha mchana. Mama Fundi naye akaanza kupita mbele ya duka lake. Kuingia hakuingia, ila kupita alipita, tena polepole.

Hivyo ndivyo alivyokuwa. Sitaeleza alizaliwa wapi wala ukoo wake uliletwa Isiolo na vita gani vya wazungu. Hayo wazee wa mji wanayajua. Yeye mwenyewe akiulizwa ni wa wapi alijibu kwamba ni wa pampu. Hapa kwetu maji ya mfereji huja yakipenda, na yasipopenda watu hutegemea visima vya pampu ya mkono, nyuma ya madrasa, kwenye shule, katikati ya ploti za mtaa wa Bulla Pesa. Pampu kama hizo hufa kwa sababu ndogo sana, mpira uliochakaa usiozidi bangili ya mtoto. Zamani ikifa, watu walingoja fundi wa ofisi ya maji wiki tatu, nne, huku wakibeba maji kutoka mtoni. Mama Fundi alikataa kungoja.

Kazi aliiba kwa macho. Kuna fundi mmoja wa ofisi aliyemruhusu kumbebea mabomba lakini hakumruhusu kugusa spana hata siku moja. Miaka miwili Mama Fundi alibeba mabomba na kutazama mikono ya yule mzee. Mzee alipostaafu na kufanyiwa karamu, Mama Fundi alihudhuria, akala pilau, akasimama kama wengine kutoa shukrani. Akasema anamshukuru mzee kwa yote aliyomfundisha na zaidi kwa yale aliyomficha, maana hayo ndiyo aliyoyakazia macho. Walioniambia habari hii wanasema mzee aliinamia sahani yake mpaka karamu ikaisha.

Alikuwa na vidole virefu vyembamba, na grisi ilikaa chini ya kucha zake hata siku ya Idi, hina ikiwa juu yake. Buibui aliliinua na kulifunga kiunoni kwa kipande cha tyubu ya baiskeli. Alinuka grisi na udi. Chai yake ilikuwa na vijiko sita vya sukari, na ukimtazama akihesabu alikuongezea na wewe. Sauti hakuwahi kuipandisha. Kila mtu alimsalimia, adui na rafiki, Mwislamu salaam aleikum, Mkristo habari yako. Tofauti ilikuwa moja tu: Mama Fundi alimwita adui kwa majina yake yote matatu, kama karani anayeita watu kwenye dirisha. Ukisikia jina lako la tatu kutoka kinywani mwake, ulijua jambo lako limeandikwa.

Darasa lake lilikuwa kibanda cha mabati nyuma ya nyumba yake huko Kiwanjani. Tulikuja kina mama, wasichana waliomaliza shule wakakosa la kufanya, na wanaume wachache walioona haya mwanzoni. Wengine walikuwa Waborana, wengine Waturkana, wengine Wasomali, na mimi Mmeru wa Bulla Pesa, binti wa karani. Siku ya kwanza nilikuja na daftari jipya. Alilichukua, akaliweka juu ya pipa.

"Daftari halifungui nati," akaniambia.

Alikuwa na gunia lenye vipande vyote vya pampu. Uliingiza mkono bila kutazama, ukashika kitu, ukakitaja jina na kusema kinakaa wapi. Alisema kisimani hakuna taa, macho yako ni vidole. Ukikosea hakutukana wala kukuchapa. Alikitoa kile kipande mkononi mwako, akakirudisha ndani ya gunia, akakutazama mpaka ukatamani kiboko. Jambo alilolirudia kuliko yote lilihusu zile fimbo za chuma zinazoungana kutoka kwenye mpini hadi chini ya kisima. Alisema ukizishika usiamini kwamba mwenzako amezishika. Hakikisha kwa macho, halafu uhakikishe tena, ndipo uachilie. Baada ya miezi minne nilikuwa naweza kufungua pampu na kuifunga huku nikizungumza mambo mengine. Kila kitu kinachojuliwa na mikono yangu kilitoka katika kibanda kile.

Watu walidhani mwanamke mwenye visasi vingi hivyo ana roho mbaya. Mimi niliyembebea mkoba nashindwa kusema hivyo. Kuna mwalimu mkuu mmoja aliyewahi kumwambia mbele ya wazazi kwamba shule haitengenezewi pampu na mtu asiyejua kusoma. Pampu ya shule ile ilipokufa, Mama Fundi alikwenda bila kuitwa, akaitengeneza, akakataa malipo, na alipoletewa chai akafungua thamosi yake mwenyewe, akakaa juu ya sanduku lake mwenyewe, akanywa chai yake mwenyewe. Alisema maji hayana adui, watu ndio wenye adui. Nilidhani hilo ndilo neno lake la mwisho kuhusu jambo hilo.

Wala si kweli kwamba visasi vyake vyote vilikuwa vya haki. Tulikuwa na mwenzetu aitwaye Halima, mikono myepesi kuliko yetu sote, na nadhani Mama Fundi alimpenda kuliko sote. Siku moja spana kubwa ilipotea. Halima ndiye aliyeishika mwisho. Mama Fundi hakumshtaki, alimwita tu kwa majina matatu, Jumamosi baada ya Jumamosi, mpaka msichana akaacha kuja. Mwaka mmoja baadaye pipa la maji nyumbani kwa Mama Fundi lilisafishwa, na spana ikaonekana chini, imeshika kutu. Aliisugua siku nzima, akaitia grisi, akaipeleka kwa kina Halima. Niliambiwa alimnyoshea mkononi na kusema, "Shika." Halima hakuipokea. Alimjibu salaam, akamwita Mama Fundi kwa majina yake yote matatu, akafunga mlango. Mama Fundi alirudi na spana yake, na tangu siku hiyo hakuna aliyeruhusiwa kuitumia. Ilining'inia ukutani. Kisasi alikijua kutoka pande zote mbili.

Sasa nije kwangu.

Shirika fulani lilifika mjini na mradi wa kufunza vijana kazi za mikono. Walitaka mwalimu mmoja wa pampu, mwenye cheti cha shule, anayeweza kuandika ripoti. Walituita kwenye ukumbi mmoja mjini, na Mama Fundi alikuja na sisi, amevaa buibui lake zuri, akakaa safu ya nyuma. Nafikiri alijua hawatamchukua yeye. Nafikiri alikuja kuona mmoja wetu akichukuliwa.

Afisa aliniuliza maswali, nikayajibu vizuri. Kisha akaniuliza nani alinifundisha. Nilikuwa na umri wa miaka ishirini na minne. Baba alikuwa amestaafu na watu walikuwa wameacha kumwita bwana, na mimi nilitaka kuitwa kitu. Niliona kwamba wakisikia kuna mwalimu, watamtaka mwalimu au hawatanitaka mimi. Hayo yote yalipita kichwani kwa muda wa kumeza mate.

"Nilijifunza mwenyewe," nikasema. "Kidogo kidogo."

Sikugeuka kutazama nyuma. Nilisikia kiti cha plastiki kikivutwa. Mama Fundi aliinuka, akakibeba kiti chake, akakipanga vizuri juu ya vingine pembeni, akatoka. Kesho yake tulikutana barabarani. Alinisalimia habari yako, na majina yangu matatu.

Nilipata ile kazi. Nilifunza vijana kumi na wawili ukumbini, kwa picha za pampu zilizomulikwa ukutani, na chai ya saa nne. Siku ya kufunga kozi wageni walitaka kuona kazi ya mikono, kwa hiyo tukaenda kwenye kisima cha nyuma ya madrasa, Kiwanjani. Wageni waliwekwa chini ya hema. Kina mama walikuwa wamepanga foleni na madumu yao, wakingoja tumalize. Nilifungua kichwa cha pampu, nikazivuta fimbo juu, nikamwambia msichana mmoja azishike. Akasema ndiyo. Nikaachilia.

Hakuwa amezishika. Fimbo zote ziliteleza zikarudi ndani ya kisima, na mlio wake ulisikika mpaka hemani. Nilijaribu kuzinasa kwa waya, nikashindwa. Nikajaribu tena. Afisa akawa anatazama saa. Mama mmoja akatoka kwenye foleni bila kuniuliza, akaenda kumwita mtu ambaye sote tulijua ataitwa.

Alikuja taratibu, tyubu kiunoni. Alichungulia kisima. Kisha akamwuliza yule afisa, si mimi, nani aliyemfundisha dada huyu. Afisa akanitazama. Nikasema kwa sauti ndogo kwamba ni yeye. Mama Fundi akaniomba niseme ili hata wa mwisho kwenye foleni asikie. Nikarudia kwa nguvu.

"Hapana," akasema. "Mimi sijafunza mtu kuachilia fimbo. Huyu alijifunza mwenyewe, kidogo kidogo."

Kina mama walicheka. Mama Fundi akaondoka, akaenda zake nyumbani, na kisima akakiacha vile vile.

Siku tatu kisima kile hakikutoa maji. Kina mama walikwenda mtoni na kurudi, madumu mgongoni, na njiani walinilaani mimi. Yeye hakuna aliyemlaani. Nami nilikuwa nimemsikia mara mia akisema maji hayana adui. Siku ya nne, baada ya sala ya asubuhi, alikuja na ndoano ya chuma aliyoikunja mwenyewe, akawaita wanafunzi wangu kumi na wawili mmoja mmoja kwa jina, jina moja moja tu. Mimi hakuniita. Nilisimama kwenye kona ya ukuta wa madrasa nikamwona akiwawekea mikono yao juu ya fimbo, akiwaonyesha jinsi chuma kinavyosema kikinaswa. Kabla ya saa nne maji yalitoka. Jumamosi iliyofuata wanafunzi wote kumi na wawili walikuwa kwenye kibanda cha mabati. Mimi nilikaa ukumbini na picha ya pampu ukutani, na baada ya wiki mbili shirika likafunga mradi.

Ningeweza kuishia hapo na kusema nilipata nilichostahili. Lakini mwalimu wangu alikuwa amenifundisha mambo mawili, kufungua pampu na kutosahau, na la pili nililishika vizuri kuliko la kwanza. Nilikaa mezani nikaandika barua isiyo na jina kwa ofisi moja inayohusika na mambo ya mafunzo. Niliandika kwamba kibanda fulani Kiwanjani kinafunza watu bila kibali, kwamba mabati yake ni makali, kwamba kuna hatari kwa watoto. Hakuna nilichodanganya, na kila neno lilikuwa uongo. Walikuja na kufuli. Kibanda kilifungwa miezi minne.

Kwa miezi hiyo minne nilipita pale kila siku, ingawa haikuwa njia yangu, ili nilione lile kufuli. Nimewahi kusikia watu wakisema kisasi hakileti raha. Mimi kiliniletea raha. Nilikula vizuri, nililala vizuri. Mama Fundi naye aliwatoa wanafunzi wake juani, akawafunza kisimani hadharani, kila mpita njia akiona, na darasa likazidi kuwa kubwa. Kufuli lilipotolewa hakukuwa tena na nafasi ndani ya kibanda. Hapo raha yangu ikaisha, chuki ikabaki peke yake. Niliondoka Isiolo kwenda kufanya kazi mji mwingine, nikakaa huko miaka mingi.

Mwaka huu nilirudi kuishi Bulla Pesa, mama yangu akiwa amezeeka. Sokoni nikasikia kwamba Mama Fundi hashiki tena spana. Mikono inamtetemeka. Wanafunzi wake wametawanyika, huyu Merti, yule Garba Tulla, wote mafundi. Nilikaa na habari hiyo siku kadhaa. Kisha nikaenda.

Nilimkuta sebuleni kwake, mchana, amekaa kwenye kiti kilichopangwa mito pande zote. Mikono ilikuwa juu ya mapaja, ikitikisika kama inayofanya kazi isiyoonekana. Nilimpa salaam aleikum. Aliitikia, akaniita kwa majina yote matatu, akaniambia nikae. Mkaza mwanawe alileta chai, kikombe chake kikiwa nusu ili kisimwagike, kisha akatuacha.

Nikamwambia kuhusu barua. Nilikuwa nimejiandaa kwa maneno mengi, lakini alinikatiza mapema.

"Nilijua tangu siku ile. Walinionyesha," akasema. "Ilikuwa na nukta na mkato kila mahali pake. Nani mwingine hapa angepoteza muda kwa nukta?"

Nikamwomba anisamehe, kwa barua na kwa neno nililosema ukumbini. Alifikiri kweli, niliona akifikiri.

"Hapana, Kendi," akasema. "Nimejaribu. Haitoki."

Sikulia. Nilichohisi, na ilinishangaza, ni hasira, mbichi kama ya siku ile ya kisima. Nikamwambia kuhusu siku tatu. Nikamtajia kina mama waliobeba maji kutoka mtoni, wazee miongoni mwao, wajawazito miongoni mwao, kwa sababu yeye alitaka mimi niaibike vya kutosha. Nikamwambia alikuwa na ndoano nyumbani kwake wakati wote ule.

Aliikalia mikono yake, mmoja kila upande, kama mtu anayewanyamazisha watoto.

"Siku ya pili nilitoka kwenda kuangalia," akasema. "Niliwaona wakirudi mtoni. Ndoano ilikuwa mkobani." Akatazama mlango. "Nikarudi nyumbani."

Hakusema alijuta, nami sikumwuliza. Nje mtu alikuwa akimwita mbuzi.

"Mimi pia sijakusamehe," nikamwambia.

Alinitazama usoni kwa mara ya kwanza tangu niingie. Kisha akautoa mkono mmoja, akausukuma mkebe wa sukari kwa kiwiko mpaka ukafika upande wangu.

"Wanaokuja hapa siku hizi wote wananihurumia," akasema. "Njoo Alhamisi."

Alhamisi nilifika saa nne kasorobo. Alikuwa amekwisha kuvaa nguo ya kutokea, viti viwili vimewekwa karibu na dirisha, na akaniambia nimechelewa.